Kipande Kilichopiga Odi

Mume wangu aliandika programu kama alivyoishi: kwa adabu nyingi na maneno ya ziada. Tulikuwa na ofisi ndogo hapa Kolwezi, tukiwatengenezea wanunuzi wa madini programu ya kupima malori. Yeye aliandika kipande kinachosoma uzito kwenye mizani. Mimi nilitengeneza faili ya kusakinisha, ile ambayo mteja anaibofya na programu inajipanga yenyewe kwenye mashine yake.

Vipande vya zamani vya namna ile huwezi kuvitupa tu ndani ya Windows. Lazima viandikishwe kwenye rejista yake, la sivyo programu inavitafuta na haivioni, hata kama vimelala palepale. Njia ya haraka ni kukiambia kipande kijiandikishe chenyewe. Hapo ndipo mume wangu alipopenyeza mambo yake. Kabla ya kujiandikisha, kipande chake kilileta kijidirisha katikati ya skrini: "Odi! Mi nafika." Hakikuendelea mpaka mtu abonyeze OK.

Nilimkaripia. Nilimwambia programu ya kazi si mgeni aliyekuja kula bukari. Alicheka.

"Mama, muntu anaingia mu nyumba ya batu bila odi, ule ni mwizi."

Nikamwacha. Ukiolewa na mtu wa aina hiyo unajifunza kuchagua magomvi.

Kisha figo zikamshinda, nikamzika. Tukiwa bado kwenye matanga, watu walivunja ofisi wakachukua kompyuta yake, na maandishi yote ya programu yalikuwa ndani yake. Hao hawakupiga odi. Nilibaki na kipande kilichokwisha kufungwa, kinachofanya kazi vizuri lakini hakiwezi kubadilishwa hata neno moja. Wala sikutaka kukibadilisha. Kila nilipokwenda kwa mteja kusakinisha, mume wangu alinitangulia mlangoni, nami nilimbonyezea OK kwa furaha ya kijinga.

Mwaka huu mteja wetu wa upande wa Mashamba alifungua ghala lingine Dilolo. Alitaka programu isakinishwe kutoka hapa, kimya, bila mtu mbele ya skrini. Niliituma asubuhi. Mchana akanipigia simu, amekasirika.

"Mama, mashini inasimama tu! Malori iko mu mustari!"

Nilielewa papo hapo. Kule Dilolo mume wangu alikuwa akipiga odi, na hapakuwa na wa kumwitikia.

Dawa niliijua, na mafundi wenye akili waliitumia zamani. Faili ya kusakinisha ndiyo iandike kila kitu kwenye rejista, ili usakinishaji ukiharibika njiani iweze kufuta ilichoandika, na kipande kikae kimya. Lakini ili nijue cha kuandika, ilinibidi kwanza nikiache kijiandikishe mara moja kwenye mashine safi, nikinakili kila kinachoandikwa. Baada ya hapo hakuna mteja ambaye angemsikia tena. Ndiyo, nyumbani ningeweza kukiamsha siku yoyote. Lakini odi ya kujipigia mwenyewe si odi.

Niliweka mashine kwenye meza ya kulia chakula. Kijidirisha kikatokea. Simu ya mteja ikalia, nikaiacha ilie, maana kidole kilikataa. Nilimchukia mteja, nikamchukia na marehemu kwa kuniachia kazi ya kumnyamazisha.

Mama yake, ambaye naishi naye tangu msiba, alikuwa akichambua majani ya sombe upande wa pili wa meza. Aliona machozi yangu, akaja nyuma yangu akifuta mikono, akasoma polepole maneno ya mwanawe.

"Njo ye?"

"Njo ye, mama."

"Iko napiga odi, na weye unamuangalia tu?"

Akavuta kiti, akakisogeza mbele ya skrini, akakipangusa kwa kitenge chake.

"Karibu, papa. Ingia."

Nikabonyeza. Kipande kikajiandikisha, nikanakili yote, nikatengeneza faili mpya, nikaituma Dilolo. Kiti kilibaki pale, na hakuna kati yetu aliyekirudisha.

Jioni mteja akapiga tena, safari hii kwa kunisifu.

"Inaingia muzuri, mama. Haikusema hata kitu."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikalia.