Dakika Tano za Ottilie

Ottilie Kressner wa Chemnitz alishona soksi kiwandani tangu akiwa na miaka kumi na minne. Jioni alikuwa wa chama cha siasa cha wafanyakazi: kugawa karatasi, kubandika mabango, na mara mbili kurudi nyumbani mdomo umevimba kwa ngumi za wapinzani.

Siku moja mwaka 1931, mkutano wa chama ukiwa umejaa, alisimama.

"Sisi vijana miguu yetu mnaijua vizuri," alisema. "Midomo yetu je? Mbona hamtupi nafasi ya kusema?"

Mwenyekiti, mzee Haubold, akatabasamu. "Subiri ndevu ziote, binti."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ottilie akangoja kitulie. "Zangu hazitaota, mzee. Basi nisubiri nini?"

Safari hii walimcheka mzee. Akapewa dakika tano, akazitumia kueleza habari za vijana waliomaliza shule wakakosa pa kushika. Alikuwa akimzungumzia mdogo wake, Eckart, wa miaka kumi na minane, aliyekaa nyuma kabisa.

Njiani Eckart alisema, "Wamekucheka, dada."

"Wamenisikiliza pia."

"Kwa wenzangu sikuombwa kusubiri. Nimepewa buti na kazi ya kufanya."

Ottilie akatazama buti miguuni mwa Eckart. Ndipo alipojua kwamba mdogo wake amejiunga na wale wa mashati ya kahawia, wanamgambo wa Kinazi.

Miaka miwili baadaye wenzake Eckart walishika nchi. Vyama vingine vikapigwa marufuku, watu wakaanza kukamatwa. Ottilie alikuwa na daftari la majina ya vijana wa chama wa mtaa wao. Adhuhuri moja alikuwa akilichoma jikoni, ukurasa baada ya ukurasa, Eckart akaingia na sare yake. Akaona.

"Kuna wangapi humo?"

"Sitini na wawili."

Eckart akafunga mlango kwa ufunguo. Akachukua chuma cha kuchochea moto, akachochea mpaka hapakubaki herufi.

Ottilie alikamatwa wiki hiyo hiyo, akakaa ndani wiki kumi na moja, hakutaja mtu. Eckart aliendelea kuivaa ile sare. Baadaye aliivua akavaa nyingine, ya jeshi, akafia vitani Urusi.

Dada yake aliishi mpaka uzeeni. Picha ya Eckart aliitundika sebuleni, ile aliyopigwa akiwa na miaka kumi na mitano, kabla ya sare yoyote, na wageni walipouliza ni nani, alisema ni mdogo wake, kisha akawakaribisha kahawa.