Ila za Gari Jeupe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mnavyonunua gari. Mnaanza na rangi. Mnazunguka nyuma, mnapiga tairi teke, mnaingia ndani kusikiliza redio inaimbaje. Mkitoka hapo mmeshalipenda, na mtu aliyekwisha kupenda haulizi tena. Mimi shule niliiacha mapema, nikaenda kulima. Lakini gari letu jeupe nililinunua mimi, ingawa anayeliendesha ni mwanangu, na yaliyotukuta kwenye mteremko wa njia ya Mabamba nataka myajue kabla hamjashika ufunguo wa mtu.

Lilikuwa gari dogo la mgongo mrefu, la gia za mkono. Limetumika Japani, likatumika Dar es Salaam, likaja kuishia kwa mwenye duka mmoja wa Kasulu, mzee wa kanzu, aliyelitumia kubebea katoni za sabuni. Mwanangu alitaka la kupeleka maharage minadani. Aliliona mara moja tu, akarudi kwetu Kitahana hata chakula hakili vizuri. Nikamwambia tutakwenda wote.

"Mama, wewe gari unalijua?"

"Kununua nakujua."

Baba yangu alifuga ng'ombe wa pembe ndefu. Kwake ng'ombe hakutoka zizini mpaka mwenyewe ataje ila zake mbele ya watu. Huyu ana teke. Huyu titi moja limekufa. Huyu anaruka uzio. Ukishataja, mnunuzi anamchukua pamoja na ubaya wake, hana la kukurudia. Ukificha, ng'ombe anarudi, na wewe huna tena uso wa kuonyesha watu. Basi nikasimama mbele ya lile duka asubuhi, vioo vya gari bado vina umande, nikamwambia mzee aliwashe hivyo hivyo na baridi yake. Likawaka. Nikamwambia, "Sasa nitajie ila zake."

Akacheka. "Bi mkubwa, hili halipigi teke."

"Taja yake basi."

Akawatazama wanawe waliosimama mlangoni, akatazama chini, kisha akataja. Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani, mpaka mtu aufungue kwa nje. Likipanda mlima mrefu na mzigo linachemka, usilisimamishe katikati. Bomba la breki linalokwenda tairi la nyuma ni la zamani. Halivuji, lakini liangaliwe. Akafungua boneti, akanionyesha kikopo cha mafuta ya breki, na chupa ndogo ya kujazia, ya mfuniko wa njano.

"Haya yakipungua, bi mkubwa, usijaze tu ukaondoka. Uliza yamekwenda wapi."

Mwanangu wakati huo yumo ndani anazungusha redio.

Mzee yule sina neno naye. Alisema yote, na gari lilitutumikia misimu miwili bila kutuaibisha.

Shida ilianzia kwetu. Mjukuu wangu, binti mkubwa wa huyo mwanangu, alijifunza kuendesha pale Kibondo mjini, akapata leseni. Baba yake hakutaka aguse. Anasema gari la mzigo si la kuchezea. Mimi nikasema, leseni ameipata ya nini, aitundike ukutani? Tukakubaliana Jumapili mchana liwe lake. Basi ikifika Jumapili anawapakia wenzake, vioo wanashusha vyote, wanakwenda mjini na kurudi. Nilikuwa nasikia muziki kabla sijaliona gari. Akishuka ana vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na anacheka peke yake. Sijawahi kumwona akipenda kitu namna ile. Baba yake akamwekea sharti.

"Siku nikikuta hata mkwaruzo, ufunguo huushiki tena. Usije kulia kwa bibi yako."

Siku ya mnada wa Mabamba tulipakia magunia ya maharage mpaka dari. Mwanangu akashika usukani, mimi nikakaa mbele pembeni yake. Nyuma ya baba yake akakaa binti, na nyuma yangu, kwenye ule mlango usiofunguka, akakaa jirani yetu, mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga, anakwenda na mtoto kwa mama yake mzazi. Magoti yao yalikuwa yanagusa magunia. Tukaondoka vizuri. Mwanangu anapiga mluzi.

Kuna mlima mrefu pale, ukiufika juu unashuka mpaka kwenye daraja jembamba, na siku ya mnada hilo daraja linajaa baiskeli za ndizi. Tulikuwa tunaupanda, pua ya gari iko juu, nikasikia kitu kinabingirika chini ya kiti changu kwenda nyuma. Yule jirani akainama, akakiokota.

"Bibi, hii dawa ya nani?"

Akanipa. Chupa ndogo, mfuniko wa njano. Tupu.

Kusoma kwangu ni kwa shida, lakini chupa ile sikuhitaji kuisoma. Nikamgeukia mwanangu. "Umejaza mafuta ya breki lini?"

"Sijajaza. Itakuwa ya tangu Kasulu hiyo."

"Jumamosi nimelifagia gari hili kwa mkono wangu. Chini ya kiti palikuwa na pumba tu."

Akaacha mluzi. Mshale wa joto ulikuwa unapanda na yeye anaangalia huo. Aliyeendesha baada ya Jumamosi ni mmoja tu. Nikageuza kioo cha juu nimwone. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha baba yake kwa mikono miwili, anatazama barabara, si dirisha.

"Mke mwenza," nikamwita, ndivyo ninavyomtania. "Hii chupa yako?"

Akaendelea kutazama barabara.

"Nakuuliza. Yako?"

"Bibi, tutaongea tukifika."

"Tukifika wapi?"

Jirani akaacha kumbembeleza mtoto. Injini ilikuwa inanguruma, tunapanda polepole, na mimi naiona ile sehemu ya juu ambapo barabara inakatika na kubaki mbingu. Nikamwambia mwanangu asimamishe.

"Hapa? Mama, likizimika hapa haliondoki, si unaona linachemka? Juu kule. Tukianza kushuka litapoa."

Sasa, mwanangu ana tabia, na madereva wengi wa huku wanayo. Akifika kileleni anatoa gia, gari linateremka lenyewe bure, ati anabana petroli. Nikamwona mkono wake unakwenda kwenye gia. Nikamtazama tena yule binti kwenye kioo. Anautazama mkono wa baba yake. Nilijua anachokipima. Upande mmoja Jumapili zake zote. Upande wa pili sisi watano na wale watu wa ndizi kule chini.

Tukafika juu. Mwanangu akatoa gia. Gari likanyamaza, likaanza kuteleza.

"Baba, rudisha gia," binti akasema. "Breki ilizama Jumapili. Nilijaza, lakini ilizama. Baba, rudisha gia."

Mwanangu akakanyaga breki. Nikauona mguu wake unakwenda chini mpaka mwisho, kama mtu aliyekanyaga tope. Akakanyaga tena. Hakuna kitu.

"Pampu breki, kanyaga uachie. Gia namba mbili, baba. Usivute handibreki kwa nguvu, litageuka."

Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko ambavyo yangu ingekuwa. Baba mtu akatafuta gia, ikakataa, ikalia kama chuma kinachosagwa. Gari linaongeza mwendo. Chini nikaona mikungu ya ndizi ya kijani, migongo ya watu wanaosukuma baiskeli, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mwanangu akapiga honi, akashikilia. Nyuma yangu jirani anavuta kitasa cha mlango, anavuta, anavuta.

"Naruka, bibi. Naruka na mwanangu."

"Mlango huo haufunguki. Mfunike mtoto, kaa chini."

Ile ila niliyoinunua nikiijua ndiyo iliyomzuia kujitupa njiani.

Gia ikaingia. Injini ikapiga kelele, tukasukumwa mbele wote, magunia yakatupiga migongoni. Mwendo ukapungua, lakini si wa kutosha. Binti akasema, "Ukingo, baba, upande wa bibi, ulalie ukingo." Mwanangu akalisogeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wangu. Kioo cha pembeni kikakatika. Udongo ukaingia dirishani, ukanijaa mapajani. Likakwaruza, likakwaruza, likaingia kwenye mfereji, likalala ubavu kidogo, likazima.

Vumbi lilipotupita daraja lilikuwa limebaki mbele yetu hatua chache, kama kutoka kwangu hadi kisimani. Mtoto alikuwa amelala. Hakuamka hata kidogo.

Watu wa ndizi wakaja mbio, wakamfungulia jirani kwa nje. Mmoja akachungulia, alipoona tuko wazima akamwambia mwanangu, "Mzee, mnada uko mbele. Hapa hatuuzi."

Hakuna aliyecheka. Mwanangu alishuka akakaa barabarani kwanza. Halafu akainama kwenye tairi la nyuma, akapitisha kidole ndani yake, kikatoka na mafuta. Akakaa anakitazama.

"Juzi niliona hapa pamelowa," akasema. "Nikajua ni maji ya kuoshea."

"Uliona juzi?" binti akamwuliza.

"Niliona."

"Na ukatupakia?"

Akajifutia kidole kwenye suruali. Binti akaenda kusimama upande wa pili wa gari, mpaka jirani akampa mtoto amshike ili mikono yake ipate kazi.

Maharage yalipelekwa mnadani kwa baiskeli. Fundi alikuja na pikipiki kutoka Kibondo, akalifungia gari bomba jipya, tukarudi nalo jioni polepole. Nilikuwa nahesabu moyoni nani alijua nini. Binti alijua breki inazama, akaogopa kunyang'anywa ufunguo. Baba yake aliona pamelowa, akaogopa kukosa mnada. Mtu wa dukani, asiyekula kwetu, alitutajia yote mbele ya wanawe. Sisi tunaokula sahani moja tulifichana.

Tulipofika nyumbani, kabla hatujanawa, mwanangu akaufumbata ufunguo. "Huu sasa umekwisha," akamwambia binti. "Nilikuambia."

Binti hakulia. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekuwa anangoja hilo tangu Jumapili.

Nikamwambia mwanangu alete ufunguo hapa. Nikawaita wote, mkwe wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, na wadogo waliokuwa wanapukuchua mahindi wakaja. Nikapigilia msumari kwenye nguzo ya jiko langu, nikautundika, nikawaambia:

"Ufunguo utakaa hapa. Anayeurudisha hautundiki kimya. Atasema kwanza, kwa sauti, mbele ya yeyote atakayemkuta: gari limelia wapi, limelowa wapi, limekataa nini, hata kama kosa ni lake. Na mtu akisema, asinyang'anywe ufunguo kwa sababu amesema. Jumapili ni ya huyu binti, kama zamani. Atakayekaa kimya atatembea kwa miguu, na sitauliza ni mwanangu au mjukuu wangu. Wewe mwanangu ndiye uliyeurudisha leo. Simama hapo uanze kutaja."