Jinsi Kaburi la Baba Lilivyomaliziwa

Maisha yangu yote nimekula kwa kuchora na kuunda vitu visivyofanana na kitu chochote. Kazi hii imenikutanisha na wajinga wa kila aina, na wabaya kuliko wote ni waliosoma. Bwana mmoja kule Ulaya alisimama mbele ya turubai langu, mvinyo mkononi, akawaeleza wageni kwamba ule weusi ni jeraha la bara zima. Ule weusi ni tope la jaruba la mpunga, nimelichota kwetu Mwaya kwa mikono yangu kwa sababu rangi ya dukani hupauka. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeguswa. Picha ikanunuliwa kabla hajafunga mdomo.

Nyumbani hawakuwa afadhali, ila wao hawakujisumbua kujifanya wanaelewa. Baba alilima mpunga na kokoa. Nilipomletea sanamu ya udongo, aliigeuza juu chini akitafuta mdomo wake, maana kwetu kitu cha udongo ni chungu kilichoshushwa mtumbwini kwenye soko la Lyulilo, na chungu kisicho na mdomo hakipiki. Akaenda nayo kukandamizia majani ya mgomba juu ya kokoa aliyokuwa ameivundika. Alikufa bila kuniuliza kazi yangu ni kitu gani hasa.

Kisha mama akanipigia simu. "Wenzako wamewajengea baba zao. Wa kwako bado amelala kwenye udongo mtupu. Wewe si ndiye fundi?"

Kwetu kaburi liko uani, kando ya migomba, na lisipojengwa mgeni huliona kabla hajakaribishwa kiti. Nilikwenda mbio. Nilijiambia, safari hii wataiona kazi yangu, wapende wasipende. Juu ya kaburi nikasimamisha umbo la saruji na mawe ya mtoni: mgongo mrefu uliopinda, hauna kichwa, hauna mikono, umekwaruzwa kama ardhi iliyotoka kulimwa. Ulikuwa mgongo wa baba akipandikiza mpunga. Sijawahi kufanya kitu kizuri kuliko kile, na ninasema hivyo bila aibu.

Majirani walikuwa wakipita, wakinisalimu kwa lugha ya kwetu. "Ndaga, fundi. Bado sana?"

"Nimemaliza," niliwajibu.

Walicheka kwa adabu, wakaenda zao. Watu wasiojua tofauti ya sanamu na tofali, niliwaza, nikaendelea kufuta vumbi.

Siku moja kabla ya ibada ya kulibariki kaburi nilikwenda Ipinda kumpokea shangazi. Mvua ikafunga njia, tukalala huko. Tuliporudi asubuhi nilikuta uani sanduku kubwa la marumaru nyeupe, la kona nne, lenye ukingo wa buluu na msalaba juu. Vijana wa jirani, waliokesha wakijenga chini ya maturubai ya mvua, walikuwa wakiosha miko. Mgongo wa baba ulikuwa humo ndani, umezungushiwa matofali na kufukiwa kwa zege.

"Tulikuona umechoka, kaka," alisema mkubwa wao. "Tukasema tukumalizie."

Niliwaita washamba, vipofu, wauaji wa kazi za watu. Walinivumilia kama anavyovumiliwa mfiwa, na mmoja akaniletea maji ya kunywa. Ningeweza kumrushia kikombe usoni.

Mama alinishika mkono akaniingiza chumbani kwake, akafunga mlango.

"Usiwatukane. Mimi ndiye niliyewaomba," alisema. "Kila nikitazama pale nilikuwa nasikia aibu kwa ajili yako, mwanangu. Nilijua umeishiwa na unaona vibaya kusema. Saruji na marumaru nilizoweka kwa ajili ya sakafu ya chumba hiki, nimewapa."

Nilitazama chini. Nimelala katika hoteli za miji mingi, na mama yangu alikuwa amesimama pekupeku kwenye sakafu ya udongo, yenye unyevu wa mvua ya usiku ule.



Kwenye ibada, mchungaji aliniambia nisimame, akawaonyesha watu mtoto aliyemjengea baba yake kaburi linalopendeza. Watu wakapiga makofi. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa amenyoosha shingo, anageuka huku na huku kuhakikisha kila mtu ameniona. Hajawahi kunitazama hivyo kwa kitu chochote nilichokifanya kwa mikono yangu.