Kivuli cha Saa Sita, Shauri Moyo

Jumanne, tarehe nne Februari. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unaleta vumbi la soko la Gikomba hadi dirishani. Vijana wanaopima miti siku hizi wameniomba niandike tulivyofanya zamani. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie.

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi wa Miti, mama mmoja wa makamo, alinipa futi na kalamu. "Wafula," akasema, "mti haupimwi kwa mbao peke yake. Andika unawafanyia nini walio karibu nao." Basi kabla ya barabara au mtaro kupita mtaani, tulizungushia shina futi usawa wa kifua, tukapima kivuli, tukahesabu wanaokitumia. Fidia ilitoka hapo: mti wenye faida kubwa uliachwa, ama aliyeukata alipanda mingi na kuitilia maji mpaka ishike. Kiangazi cha huku, mche bila maji ni kijiti tu.

Mtaa wa Shauri Moyo kulikuwa na mjakaranda katikati ya safu mbili za nyumba, palipotakiwa kupita mtaro mpya. Nilifika saa sita kama fomu ilivyotaka, nikakuta watu wawili chini yake, nikaandika wawili. Faida ndogo. Ungekatwa Ijumaa.

Mama Nzisa, aliyekuwa akirekebisha marinda ya mitumba mlangoni pake, aliniuliza nimeandika nini. Nikamwambia. Akacheka hadi sindano ikamdondoka.

"Wawili! Bwana wa futi, saa sita si tuko jikoni? Njoo saa tatu uone kivuli kiko kwa nani. Urudi saa kumi, utakikuta ng'ambo. Ama hiyo futi yako haiamki mapema?"

Kesho yake nilienda saa tatu. Kivuli kilikuwa juu ya mapaa ya safu ya magharibi, na ndani watoto wachanga wamelala bila jasho. Saa kumi kilikuwa kimehamia safu ya mashariki, na washonaji wamekifuata na viti vyao. Nikahesabu watu hadi ukurasa ukajaa.

Nilirudi kwa Mkaguzi na hesabu mpya, nikijua nimefutwa kazi.

"Umekuja kukosoa karatasi yako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Fomu ni yangu. Kosa tugawane." Akampigia simu mhandisi wa mtaro. Kwa haki, yule hakuwa mtu mbaya. Nyumba zile ziliingia maji kila masika. Alinung'unika, kisha akaupindisha mtaro hatua nne.

Fomu ikabadilishwa: saa tatu, saa sita, saa kumi. Nilipima hivyo mpaka nikastaafu. Lakini kuna miti ya mtaa wa Pumwani niliyoipima saa sita kabla ya hapo, nayo ilishakatwa. Labda mmoja ulistahili kubaki. Sijui, na sitajisafisha. Ninachojua ni kwamba wanawake wawili wangeweza kuniaibisha, wakanifundisha.

Leo nimepita pale. Mama Nzisa hashoni tena, macho yamechoka, lakini kiti chake bado kinahama.

"Bwana wa futi, umechelewa! Kivuli kimeshaenda kwa jirani."

Tukakifuata pamoja. Wakati wa kuondoka akanifungia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye kopo. Mke wangu ameupasha moto na kitunguu, tumeula na sukuma wiki, na kopo nimeliosha mwenyewe.