Kompyuta ya Mlangoni

Afadhali niwaambie mwenyewe. Miaka ya tisini nilikuwa karani katika chuo kimoja Maseno, na nilijiona fundi. Niliifundisha programu yangu ya kuandikia kwamba kila nikihifadhi nilichoandika, kifunguke chenyewe kwenye brauza ya kompyuta ya mlangoni, ambapo watu walisoma habari za matanga.

Siku moja nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Saa ya chai Mama Akinyi, karani mwenzangu, akaniuliza, "Kumbe unatuacha, Bwana Otieno?"

Nani alimwambia? Nikabadilisha neno la siri. Nikageuza meza, mgongo ukutani. Nikaongeza sababu kwenye barua, na kesho yake akanipa pole kwa sababu zile zile.

Basi nikamwandikia mkuu wa chuo: "Mama Akinyi ni mpelelezi. Anasoma barua zangu kisiri." Nikahifadhi mara mbili, nisije nikapoteza ushahidi.

Nikaichapa barua nimpelekee. Nikatoka. Mlangoni walimu walikuwa wameizunguka kompyuta, mkuu katikati yao. Mama Akinyi akanisogezea nafasi.

"Karibu usome, Bwana Otieno. Mimi husimama hapa hapa kila siku."