Herufi Mbili za Mama

Prisca hakulia. Huu ulikuwa msiba wa tano tangu awe mwelimishaji rika, na machozi yalikuwa yamemwishia kwenye ule wa pili. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwao marehemu Naisiae, Oldonyo Sambu, upepo ukimpiga vumbi usoni, akiwaza kwamba boksi la kondomu la Jumatatu bado hajaenda kulichukua.

Kazi yake ndiyo hiyo. Mchana anazunguka gesti na baa za mjini Arusha akiwafuata wanawake wanaouza mwili huko huko walipo. Anawapa kondomu, anawapeleka kupima, anawakumbusha dawa, na aliyepigwa na mteja anaongozana naye polisi mpaka dawati la jinsia. Naisiae alikuwa mmoja wao kwa miaka sita. Prisca mwenyewe aliishi maisha hayo hayo kabla kituo cha afya hakijampa kitambulisho na mkoba, na ndiyo maana walimwamini.

Nimonia ilimchukua Naisiae kwa siku tisa tu. Siku ya saba, akiwa wodini, alimshika Prisca mkono. "Mama asijue," alisema. "Wengine semeni nao mnavyotaka."

Prisca aliitikia. Ahadi ilionekana nyepesi mpaka asubuhi ya mazishi, pale Sironka, kaka wa marehemu, alipomletea karatasi na kalamu.

"Dada, historia ya marehemu ina pengo," alisema. "Kuzaliwa tunako, ubatizo, kipaimara, shule, vyote tunavyo. Toka aende mjini hatuna kitu. Wewe si ulifanya naye kazi? Tuandikie hapo upande wa kazi."

Historia lazima isomwe kabla jeneza halijatoka, hata mtoto analijua hilo. Prisca aliitazama karatasi. Fomu za Naisiae alizijaza yeye kila mwezi. Alijua alipimwa lini, alipigwa lini, na PF3 yake, fomu ya polisi ya matibabu, iligongwa muhuri siku gani. Sentensi ya kusomwa mbele ya mchungaji hakuwa nayo hata moja. Mwishowe akaandika haraka, mkono ukienda wenyewe kama anavyoandika kituoni, akamrudishia Sironka bila kupitia alichoandika. Hapo ndipo alipoharibu.

Mzee wa kanisa Lomayani alivaa miwani, akasoma ubatizo na kipaimara kwa sauti yake nzuri, akafika kwenye kipande cha Prisca.

"Si tatu Ol tisini na moja," alisoma. Akasita, akaisogeza karatasi mbali na macho, akaanza upya. "Si tatu Ol tisini na moja alifanya kazi mjini Arusha toka mwaka 2014. Alihudhuria kila mwezi bila kukosa. Aliwaleta wenzake kumi na wanne kupata huduma ya afya. Hakuwahi kumwacha mwenzake akiugua peke yake."

Kituoni majina hayaandikwi. Kila mwanamke ana namba yake ya siri, na yeye, kwa mazoea, alikuwa ameandika namba mahali pa jina.

Mzee mmoja wa viti vya nyuma alimnong'oneza jirani yake, "Namba ya utumishi hiyo." Neno likatembea kiti kwa kiti. Kumbe binti alikuwa serikalini, na namba yake kabisa. Sironka akanyoosha mgongo. Siku nyingine Prisca angecheka mpaka ashike mbavu.

Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mama wa marehemu, Silantoi, alimwita nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, yeyo," Prisca alisema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba. Kaa." Mama alimtazama. "Ile Si tatu ni nini? Wenzangu wanasema utumishi. Serikali ingeleta shada na mtu wa kutoa rambirambi. Mimi si mtoto."

Prisca angeweza kudanganya, na alikuwa hodari wa hilo. Ila alikuwa amechoka.

"Ni namba ya kituo cha afya, yeyo. Pale hawaandiki majina, mtu asije akasemwa. Si ni herufi mbili za jina la mama: Silantoi. Tatu, yeye ni mtoto wa tatu. Ol ni hapa Oldonyo Sambu, alipozaliwa. Tisini na moja ni mwaka wake."

"Ni watu gani hao wanaoogopa kusemwa?"

Prisca aliukunja upindo wa khanga yake.

"Ulimwahidi?"

"Ndiyo, yeyo."

"Basi usinijibu." Silantoi alitazama viganja vyake, bado vina udongo. "Kwa hiyo kila akifika pale anaulizwa mama."

"Ndiyo."

"Na alinitaja."

"Kila mwezi. Miaka sita."

"Huku alikuwa anapiga simu Krismasi tu," alisema mama. Akapangusa udongo viganjani, akauliza, "Na wewe, yako inaanzaje?"

Prisca alijua kwamba akijibu, hakuna siri iliyobaki, ya Naisiae wala yake.

"Ta," alisema. "Tabitha."

"Yuko hai?"

"Yuko Olmotonyi. Hatujasemezana mwaka wa nane sasa."

Silantoi aliinuka, akakung'uta shuka lake. "Gari lenu linapita pale pale," alisema, akarudi kwa waombolezaji.

Saa kumi walikuwa njiani. Prosper, dereva wa kituo, alipunguza mwendo walipoikaribia Olmotonyi. "Dada Prisca, si kwenu hapa? Unashuka?"

Prisca aliiona njia ya kwao, na migomba ya jirani iliyokuwa imerefuka.

"Twende tu," alisema.

Gari likapita. Ndipo ganzi ile ya misiba mitano ilipomwachia, na ikamuuma, ikamuuma kweli. Zile herufi mbili alikuwa akizitaja kila mwezi miaka yote hiyo, lakini jina zima la mama yake alikuwa hajalitamka mpaka leo, tena kwa mama wa mtu mwingine. Alijifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Prosper alidhani anamlilia Naisiae, akamwacha alie.