Uzi wa Bwana Shamba

Bwana shamba wa Lagangabilili hawezi kuongea mikono mitupu. Hunyofoa pamba, akaisokota kwa kidole gumba mpaka iwe uzi, huku akirudia maneno ya marehemu profesa wake wa uchumi: tusokote wenyewe, tufume wenyewe, ndipo tuuze. Milembe, mkulima wa pamba kijijini hapo, aliyaamini miaka yote. Lakini msimu huu wanunuzi binafsi walipoingia, aliwauzia pamba yake yote ikiwa ghafi, akamnunulia mumewe shati la mitumba gulioni, akapita nalo kwa bwana shamba.

“Hii si pamba yetu imerudi?”

Bwana shamba akageuza kola, akainusa.

“Somo la profesa halikufika hapa kwenye mitumba, mama.”

Kifungo kimoja kilikuwa kinaning’inia. Akakifunga kwa uzi wake wa kusokota, taratibu, na Milembe hakujua acheke au ampe pole.